Mita ya pH, juisi ya zabibu na hataza ya mwaka 1936

Mwezi Machi, mavuno ya zabibu yakiwa yamepamba moto, niliitwa kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo upande wa Hombolo. Dada anayepima pH ya juisi, yaani ukali wa asidi yake (namba ikishuka, asidi imezidi), alinipokea mlangoni na daftari lake mkononi.

"Fundi, hii mashine inanichanganya. Asubuhi imesoma 3.4, saa nane mchana imesoma 4.0, na pipa ni lilelile."

Elektrodi, kile kijiti cha mita kinachochovywa kwenye juisi, alikuwa ameshabadilisha mbili. Aliyewauzia mita alimwambia kwa simu kwamba tatizo ni elektrodi tu, anunue nyingine.

Kwa asiyezoea kazi hii, tofauti kati ya 3.4 na 4.0 inaonekana ndogo. Lakini kipimo cha pH kinapanda kwa mara kumi kila hatua moja, kwa hiyo hiyo 0.6 ina maana asidi imepungua karibu mara nne. Tena salfa dioksidi inayotiwa kulinda juisi hupoteza nguvu kadiri pH inavyopanda. Ukiiamini 4.0 utaongeza dozi, na mvinyo utatoka unanuka kiberiti. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na mkulima aliyeleta mzigo wake anangoja malipo yake hapo hapo. Kosa la mita linamfikia na yeye.

Sikuigusa elektrodi. Nilichomoa plagi yake, ile ya duara ya kusukuma na kuzungusha, nikaimulika kwa tochi ya simu. Kati ya sindano ya katikati na pete ya nje palikuwa na utando mwembamba wa rangi ya kahawia, unanata ukigusa. Ilikuwa juisi ya zabibu. Asubuhi sukari ile imekauka, haina madhara. Mchana vyombo vinaoshwa, hewa ya chumba inajaa unyevu, sukari inaunyonya na kuanza kupitisha umeme. Nilisafisha kwa spiriti safi na pamba, nikaacha ikauke vizuri, tukarekebisha upya kwa bafa, yaani vimiminika vya kulinganishia ambavyo pH yake inajulikana, ya 7 na ya 4. Pipa likasoma 3.4. Tukangoja hadi waoshe vyombo tena. 3.4.

Nilijuaje pa kuangalia? Mwongozo wa mita ile haukunisaidia, una ukurasa mmoja tu wa matatizo. Nilikuwa nimejifunza kwenye hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya Marekani iliyotolewa tarehe 27 Oktoba 1936 kwa Arnold Beckman, mkemia wa California.

Kile kitufe cha kioo mwishoni mwa elektrodi hutoa umeme kidogo, kama milivolti 59 kwa kila pH moja joto likiwa nyuzi 25, na sifuri iko karibu na pH 7. Milivolti 59 zinapimika bila shida. Kazi ni kwamba umeme huo unapaswa kupenya kioo, na ukinzani wa kioo ni mamia ya megaohmu. Ni kama maji ya kuchimba mchangani kwenye korongo wakati wa kiangazi: yapo, lakini yanachuruzika. Ukiyakinga kwa ndoo yenye tundu la sindano, ndoo haitajaa.

Tupige hesabu ya siku ile. Juisi ya 3.4 iko hatua 3.6 kutoka 7, yaani milivolti 213 hivi. Chukua kioo cha megaohmu 200, na uvujaji kwenye plagi wa megaohmu 1,000. Moja ya sita ya volti inapotea, zinabaki 177. Mita inazitafsiri kuwa hatua 3, inaandika 4.0. Ndiyo maana uvujaji siku zote huvuta kipimo kuelekea 7. Ukiona asidi zako zote zinasoma juu na besi zako zote (vimiminika vya pH juu ya 7) zinasoma chini, chunguza plagi na kebo kabla hujatoa hela ya elektrodi.

Beckman alikutana na shida ya aina hii kupitia malimau. Rafiki yake aliyefanya kazi na chama cha wakulima wa matunda huko California alihitaji kupima asidi ya juisi ya limau iliyohifadhiwa kwa salfa dioksidi. Salfa ile iliharibu elektrodi za haidrojeni za wakati huo. Elektrodi za kioo zilikuwepo tangu miaka ya 1900, lakini kioo kilibidi kiwe chembamba mno ili umeme upite wa kutosha kusukuma mshale wa galvanomita, kipimaji cha umeme cha wakati huo, na kilivunjika ovyo. Beckman aliacha galvanomita akatumia valvu, zile za redio za zamani, kukuza umeme huo. Kikuzaji kizuri hakinyonyi karibu chochote kutoka kwenye elektrodi, kwa hiyo kioo kinaweza kuwa kinene na kigumu. Kisha vyote akavifunga kwenye sanduku moja la kubebeka. Mita ilianza kuuzwa mwaka 1935 kwa dola 195, na kampuni iliyozaliwa hapo baadaye ikawa Beckman Instruments.

Malimau ya California yalisumbuliwa na salfa dioksidi ileile tunayoitia kwenye zabibu za Hombolo. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini.

Sasa neno lenyewe. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi kuzuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20 tangu alipoomba. Watu wengi hapa nchini huichanganya na hakimiliki, ambayo ni ya vitabu na nyimbo, au na alama ya biashara. Kinachoitofautisha hataza, na ndicho ninachokipenda, ni sharti lake: lazima ueleze uvumbuzi wako wazi kiasi cha fundi mwenye ujuzi kuweza kuutengeneza. Kampuni za vifaa vya maabara zinabana sana michoro ya mashine zao. Ukiomba mchoro wa saketi, barua pepe yako haijibiwi. Lakini kanuni yenyewe, pamoja na sababu za kuchagua njia hii na kuacha ile, mara nyingi wameshaiandika kwenye hataza, na inasomwa bure mtandaoni kupitia Espacenet, PATENTSCOPE au Google Patents.

Muda ukiisha, uvumbuzi ni wa kila mtu. Ya Beckman, kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, ilikuwa ya miaka 17, kwa hiyo ilikwisha mwaka 1953. Tena hataza ina mipaka ya nchi. Ya Marekani haina nguvu Dodoma. Ili iwe na nguvu Tanzania Bara lazima iwe imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, au imepitia ARIPO, shirika la Afrika la haki za ubunifu kule Harare, na Tanzania ikatajwa. Kuuza nje ni jambo jingine: ukipeleka kifaa chako kwenye nchi ambako hataza bado iko hai, unabanwa na sheria ya huko.

Mfano wa pili nitausema kwa kifupi, kwa ajili ya wenzangu wa maabara za udongo na madini. Alan Walsh wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya serikali ya Australia, aliombea hataza mwaka 1953 njia ambayo leo tunaiita AAS, ya kupima kiasi cha metali kwenye sampuli kwa kutumia mwanga. Wenzake walikuwa wanapima mwanga unaotolewa na metali kwenye mwali, yeye akapima mwanga unaomezwa. Taa yake imetengenezwa kwa metali ileile unayoitafuta: ya zinki kwa zinki, ya shaba kwa shaba. Lakini mwali nao unawaka na kutoa mwanga wake, utautofautishaje na wa taa? Walsh aliifanya taa iwake na kuzima kwa mapigo, akakitega kikuzaji kisikie mapigo hayo tu. Mwali unaowaka mfululizo hausikiki. Ukiielewa hiyo, siku mashine yako ikianza kuyumba kila mwali unapowaka utajua uanzie kwenye saketi ya mapigo. Watengenezaji wakubwa walichelewa kuichukua njia hii, ikabidi kampuni ndogo ya Melbourne, Techtron, ndiyo iitengenezee mashine.

Namna ya kusoma? Madai yaliyo mwishoni yameandikwa na wanasheria, yatakuchosha. Anza na sehemu inayoeleza vifaa vya zamani vilikuwa na kasoro gani, maana hapo mvumbuzi anakutajia kwa uwazi matatizo yatakayokukuta na wewe. Kisha michoro, namba moja moja, penseli mkononi. Madai yarudie tu ukitaka kutengeneza kitu cha kuuza, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha mpaka wa haki ya mwenye hataza. Ukiona namba inaanza na WO, hilo ni ombi la kimataifa, bado si hataza.

Kwa vijana wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wanaonijia na vifaa vyao kabla ya maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, nawasihi kitu kimoja: kama una nia ya kuomba hataza, omba kwanza, onyesha baadaye. Marekani inampa mvumbuzi miezi 12 baada ya kujitangaza mwenyewe. Ulaya, ukishaonyesha hadharani, kwa kawaida upya umekwisha, na picha uliyoiweka Instagram inatosha kuwa ushahidi. Nimeona kijana mmoja akilia machozi kwa hilo, na kifaa chake kilikuwa kizuri kweli.

Yule dada wa Hombolo sasa ana kifuniko cha plastiki juu ya plagi na kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu ndani yake. Ameniomba namba ya hataza ile, naiandika hapa ili na wengine waipate: US 2,058,761. Anza na mchoro wa kwanza.