Asilimia 95 ya surua ihesabiwe kata kwa kata

Lengo la surua hapa Tanzania ni rahisi kulikariri: katika kila watoto 100, angalau 95 wapate dozi zote mbili za chanjo ya surua-rubela, ya kwanza wakitimiza miezi 9, ya pili miezi 18. Kiwango kiko juu hivyo kwa sababu mgonjwa mmoja wa surua, pasipo na wenye kinga, huambukiza watu 12 hadi 18.

Wazazi wengi huniuliza dozi ya pili ni ya nini. Katika watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takribani 15 hawapati kinga, hasa kwa kuwa kinga waliyotoka nayo kwa mama bado imo mwilini na huizuia chanjo kufanya kazi. Huwezi kuwatambua, kadi zao zimejazwa kama za wenzao. Dozi ya pili ndiyo inayowaokoa wengi wao.

Kinachoninyima raha ni wastani. Wilaya inaweza kuripoti asilimia 96 huku kata moja ya wafugaji ikiwa na 60, na surua itaanzia huko huko. Kwa pepopunda ya watoto wachanga hatukukubali hilo: lengo lilitaka wagonjwa wawe chini ya 1 kwa kila vizazi hai 1,000, tena katika kila wilaya. Tanzania ilithibitishwa kulifikia mwaka 2012. Surua nayo inastahili ukali huo, na mimi ningeushusha hadi kwenye kata.

Halafu kuna suala la chupa. Chanjo hii huja ikiwa unga, dozi 10 kwa chupa. Ukishaichanganya na maji yake, inayobaki baada ya muda wa saa 6 inatupwa. Muuguzi akikuta watoto wawili tu kwenye benchi anaona uchungu kuifungua, anamwambia mama arudi kliniki ijayo. Mama aliyekuja kwa miguu kutoka mbali, mtoto mgongoni, mara nyingi harudi. Wauguzi wenzangu, fungueni hata kwa mtoto mmoja! Zitakazotupwa huwa tunazijumuisha tunapoagiza.

Nawe mzazi, tazama kadi leo. Kama mtoto amepita miezi 18 na nafasi ya dozi ya pili iko wazi, mpeleke, bado atachanjwa.