Je, wajua kwa nini nyika isiyo na miti humsaidia mwindaji wa upinde?

Ukifika Dakota ya Kaskazini, jimbo la Marekani, kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Agosti, utaona nyasi zilizokauka, ngano iliyokwisha kuvunwa, soya ambayo bado ni kijani, na barabara ya vumbi iliyonyooka mpaka macho yachoke. Mtu anayetembea juu ya kilima huonekana kutoka mbali sana, na kulungu ni mnyama anayeishi kwa kutazama. Mwindaji wa upinde, kwa upande wake, anamhitaji kulungu huyo awe mita 30 kutoka alipo, au karibu zaidi. Hata hivyo, kila mwaka wiki hiyohiyo wawindaji hutoka majimbo yenye misitu minene na kulungu tele, wakaenda kwenye nchi hii ya wazi wasiyoijua. Wanafuata nini huko? Na mgeni atamkaribiaje mnyama mahali pasipo na pa kujificha?

Jibu ni kwamba anayekosa pa kujificha si mwindaji peke yake. Kulungu naye ana mahali pachache tu pa kulala mchana, na hapo panaonekana kwenye ramani kabla mtu hajafunga mizigo.

Anayewindwa zaidi ni kulungu mkia-mweupe, Odocoileus virginianus. Upande wa magharibi, kwenye makorongo, yuko pia binamu yake mwenye masikio makubwa, Odocoileus hemionus. Hawa si jamaa wa swala wetu. Familia yao haipo kabisa Afrika kusini mwa Sahara, na madume wao huangusha pembe kila majira ya baridi wakaota nyingine upya.

Msituni kulungu anaweza kulala popote, kwa kuwa kila mti ni kivuli na kila kichaka ni pazia. Nyikani hana uhuru huo. Joto la Septemba mapema linaweza kufika nyuzi 30, na mnyama huyo ameshaanza kuvaa manyoya ya majira yajayo, kwa hiyo kivuli kwake ni lazima. Atakipata kwenye makorongo yaliyochimbwa na maji, kwenye mipopla iliyo kando ya mito, au ndani ya matete yanayozunguka mabwawa madogo yaliyoachwa na barafu za kale. Atakipata pia kwenye safu za miti iliyopandwa na watu.

Safu hizo zina historia inayostahili kusimuliwa. Miaka ya 1930 ukame mkali uliikumba nyika, na ardhi iliyokuwa imelimwa bila kinga ikapeperushwa na upepo. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikaanzisha mpango wa kupanda mikanda ya miti kuanzia Dakota ya Kaskazini hadi Texas. Kazi hiyo ilipokoma mwaka 1942, zaidi ya miti milioni 200 ilikuwa imepandwa. Lengo lilikuwa kuupunguza nguvu upepo na kulinda udongo. Kulungu hakuwa kwenye hesabu hizo, lakini ndiye aliyepata nyumba. Leo mikanda mingi imezeeka, na mingine inang'olewa ili mashine kubwa za kilimo zipate nafasi ya kugeuka. Naiona hiyo kuwa hasara kubwa, kwa udongo kwanza, na kwa wanyama pia.

Kwa hiyo mgeni huanza kazi nyumbani, akiwa na picha za setilaiti. Hatafuti kulungu. Anatafuta mahali ambapo kivuli, maji na chakula kibichi vinakaribiana: korongo lenye vichaka linaloishia kwenye shamba la soya, au ukanda wa miti unaounganisha bwawa na shamba la alfalfa, lile jani la mifugo la jamii ya kunde ambalo hubaki kijani wakati nyasi zote zimekuwa njano. Kwenye msitu wa kilomita mia za mraba kuna njia elfu za kupita. Kwenye eneo kama hilo la nyika huenda zikawa nne au tano.

Kuna msaada mwingine uliotokana na sheria ya mwaka 1785, iliyoagiza ardhi mpya ya Marekani ipimwe kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, yaani ekari 640. Sehemu kubwa ya nyika ilikatwa hivyo, na barabara nyingi zikafuata mistari hiyo. Mtu mwenye gari na darubini nzuri anaweza kukagua mashamba mengi kwa jioni moja bila kukanyaga hata moja. Huko msituni ingembidi aingie kwa miguu, na kila hatua yake ingeacha harufu.

Lakini kuona si kuruhusiwa. Karibu ardhi yote ya Dakota ya Kaskazini ni mali ya watu binafsi. Idara ya wanyamapori ya jimbo huwalipa wenye ardhi wanaokubali wawindaji waingie kwa miguu, na maeneo hayo huwekewa vibao vya njano vya pembetatu. Magharibi kuna Little Missouri, eneo kubwa kuliko yote ya nyika za taifa, lenye zaidi ya ekari milioni moja. Sehemu yake ni mashamba ambayo serikali iliyanunua kutoka kwa wakulima walioshindwa na ukame ule wa miaka ya 1930. Jimbo hili lina desturi yake: ardhi ya mtu isiyotangazwa kuwa imefungwa huweza kuingiwa na mwindaji, na tangu 2021 mwenye ardhi anaweza kuifunga kwa tangazo la mtandaoni pia, kwa hiyo kutoona kibao hakutoshi. Katika majimbo ya Nebraska, Kansas na Dakota ya Kusini ni lazima uombe ruhusa. Mimi nashikilia kwamba kupiga hodi ni wajibu hata pale sheria isipodai. Mkulima anajua wanyama wanapita wapi, na ng'ombe wake wako kwenye malisho hayohayo.

Leseni nazo hutofautiana kwa kila jimbo, na baadhi ya leseni za wageni hutolewa kwa bahati nasibu miezi mingi kabla ya msimu. Hili halitaki ufundi, linataka kalenda.

Kalenda yenyewe ndiyo nusu ya pili ya jibu. Dakota ya Kaskazini hufungua msimu wa upinde Ijumaa iliyo karibu zaidi na tarehe 1 Septemba, saa sita kamili mchana. Nebraska husubiri tarehe 1 yenyewe, na Kansas katikati ya mwezi. Kwingine nchini wengi hungoja zaidi ya hapo, na siku hizo chache zina uzito mkubwa kwa sababu ya kinachotokea ndani ya mwili wa dume.

Majira yote ya joto pembe zake hukua zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye damu, iliyo kama mahameli. Michana inapofupika, homoni ya testosteroni hupanda, damu hukatika kwenye ngozi hiyo, pembe hugeuka mfupa mtupu, na dume huisugua kwenye vichaka mpaka ichanike. Kwa kulungu mkia-mweupe wa kaskazini hilo hutokea zaidi kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba. Msomaji wa Nairobi au Mwanza huenda akashangaa, maana karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, na swala pala wa huko huzaa miezi yote. Dakota ya Kaskazini iko kati ya digrii 46 na 49 kaskazini, na huko mwanga ndio saa ya mwili.

Kabla ngozi haijachanika, madume huishi pamoja kwa amani, watatu, wanne, hata zaidi. Hawana majike akilini. Maisha yao ni kulala kivulini, kwenda kula, kurudi kulala, na mara nyingi hupita palepale jioni baada ya jioni. Ngozi ikishatoka, ugomvi huanza na kundi hutawanyika. Wakati huohuo soya huanza kuwa njano, na kulungu huihama. Novemba, msimu wa kupandana ukifika, dume anaweza kutembea kilomita nyingi akifuata majike, na mgeni hana namna ya kukisia atatokea wapi. Mwanzoni mwa Septemba mgeni hahitaji kuifahamu nchi kwa miaka. Anahitaji jioni mbili tatu za kutazama kwa mbali.

Ndiyo maana ningemshauri aziache asubuhi. Usiku kulungu wako shambani, na mtu anayeingia gizani kwenda kuwavizia huwakurupusha kabla jua halijachomoza. Jioni wao ndio wanaomjia. Jua huzama huko baada ya saa mbili usiku kwa saa zetu, na sheria huruhusu kuwinda mpaka nusu saa baada ya hapo.

Kinachobaki ni upepo, na hapa ndipo mipango mingi huvunjikia. Kulungu anapolala mtelemkoni hupenda upepo umtokee mgongoni: pua inalinda nyuma, macho yanalinda mbele. Uzuri wa nyika ni kwamba upepo wake ni wa kudumu kuliko wa msituni, hivyo mtu anaweza kuchagua leo mahali pa kukaa kesho, na kuwa na pa pili endapo utageuka. Upepo huo pia hutikisa nyasi na kumeza sauti za nyayo. Lakini jioni hutulia mara nyingi, ardhi hupoa, na hewa baridi huanza kuteremka bondeni polepole. Aliyekaa juu ya korongo akidhani yuko salama hupeleka harufu yake moja kwa moja kwa wanyama walio chini, tena dakika ileile wanapoanza kuinuka.

Macho ya kulungu hayaoni rangi kama yetu. Nyekundu kwake hufifia, ila buluu huiona vizuri sana, kwa hiyo suruali ya jinzi ni kosa baya kuliko watu wengi wanavyofikiri. Kinachomshtua zaidi ni mwendo na umbo la mtu dhidi ya anga. Mwindaji hapiti juu ya kilele cha kilima. Hukaa kwenye kivuli, akiwa na kichaka au kingo ya udongo nyuma yake.

Halafu kuna mita zile 30. Upinde wa kisasa wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, uliobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri aliyepewa hataza mwaka 1969, hurusha mshale kwa takriban mita 85 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340. Kwa mita 30, mlio wa ugwe humfikia kulungu ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, na mshale hufika robo sekunde baadaye. Robo hiyo inamtosha kuinama ili aruke, na mshale unaoelekea kwenye mapafu ukapita juu au, vibaya zaidi, ukamjeruhi bila kumuua. Wahadza wa Ziwa Eyasi hupaka sumu ya miti kwenye mishale ya wanyama wakubwa. Mwindaji wa Dakota hana sumu. Mshale wake huua kwa makali ya ncha yake tu, kwa kukata mishipa, na asiyekuwa na hakika ya kupiga moyo au mapafu anapaswa kuushusha upinde.

Joto nalo lina madai yake. Kabla ya safari ni vema kuuliza idara ya jimbo kuhusu ugonjwa wa kutokwa damu, unaoenezwa na visubi mwishoni mwa kiangazi mpaka baridi kali ya kwanza iwaue. Mwaka 2021 uliua kulungu wengi magharibi mwa Dakota ya Kaskazini, na dalili yake ni mizoga kandokando ya maji. Haumpati binadamu, lakini unaweza kuharibu mpango wa mwaka mzima.

Mnyama akianguka, matumbo hutolewa hapohapo, ngozi huchunwa, na nyama huwekwa kwenye barafu usiku uleule. Barafu hununuliwa kabla ya kwenda kuwinda, kwa kuwa mji wa karibu unaweza kuwa umbali wa saa nzima na duka limefungwa. Msemaji wa Kiswahili aliyehamia Fargo au Sioux Falls ajue pia kwamba nyama ya kulungu wa porini haiuzwi Marekani. Huliwa nyumbani, au hutolewa bure.

Ubongo na uti wa mgongo kwa kawaida haviruhusiwi kuvuka mpaka wa jimbo, kwa sababu ya ugonjwa wa prioni, yaani protini zilizoharibika umbo, unaoharibu ubongo wa kulungu, uliogunduliwa Colorado mwaka 1967. Haijathibitishwa kuwa humwingia mtu, lakini wataalamu wa afya husisitiza kwamba nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Mwindaji hupeleka sampuli ya tezi za shingo kupimwa, huandika namba kwenye kila mfuko wa nyama, na kuuacha kwenye friza mpaka majibu yarudi.