Je, wajua kwa nini programu isiyo na kosa hugoma kuungana?

Tuseme kijana wa Lamu anaandika programu ya C ya kukadiria maji kujaa na kupwa, nahodha apate kujua saa ya kupita mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, bila kukwama. Mvuto mkuu wa mwezi hujirudia kila saa 12.42 hivi, kwa hiyo hesabu inataka kosaini. Ameweka #include <math.h> juu kabisa. Anaita gcc, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, kwa kuandika gcc -lm maji.c -o maji, na mfumo wa Ubuntu unamjibu: undefined reference to `cos', yaani cos imetajwa lakini haikupatikana.

Akikagua msimbo wake mstari kwa mstari hataona kitu, kwa sababu kompaila imeshaukubali. math.h humwambia kompaila tu kwamba ipo fanksheni iitwayo cos, inayopokea namba na kurudisha namba. Mwili wa cos umo kwenye libm, maktaba (mkusanyiko wa fanksheni zilizokwisha kuandikwa) ambayo -lm huiita, na anayeutafuta ni kiunganishi, yaani ld, chombo kinachounganisha vipande kuwa programu moja. Akitaka kuliona deni lenyewe, aandike gcc -c maji.c ili akompaili bila kuunganisha, kisha nm maji.o aone orodha ya majina. Atakuta U cos: jina limetajwa, mwenyewe hayupo.

Lakini si alitia -lm? Alitia, ila mahali pasipofaa. Kiunganishi husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia. Kilipoifikia libm hakuna aliyekuwa amedai kitu, kikaipita; maji.c ilipokuja kudai cos, hakikurudi nyuma. Dawa ni kuiweka maktaba mwisho: gcc maji.c -o maji -lm.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba cos(0.5) hupita hata bila -lm. Hiyo gcc huipiga hesabu yenyewe wakati wa kukompaili, maana namba inajulikana. Weka saa anayoingiza nahodha, na kosa linaibuka. Ndiyo maana jaribio dogo likifaulu halithibitishi kwamba maktaba imeunganishwa.

Ujumbe wa cannot find -lsqlite3 (sqlite3 ni maktaba ya hifadhidata) ni habari nyingine: faili la maktaba halikuonekana kabisa. Kwenye Ubuntu na Debian sakinisha libsqlite3-dev. Kama faili liko folda nyingine, ionyeshe kwa -L. Na ukiita maktaba ya C kutoka C++, jina hubadilishwa kwa kuongezwa alama za aina za vigezo, lisifanane tena na lililo kwenye maktaba. Zungushia matangazo yake extern "C".

Programu ikiungana vizuri halafu ikakataa kuanza, ikilalamika error while loading shared libraries, usiiguse amri ya gcc kwanza. Andika ldd ./maji, ambayo huorodhesha maktaba zinazohitajika, uone ipi ina not found. Wengi hapa hukimbilia kupakua kila kitu upya na kuchoma bando bure, na ilhali mara nyingi maktaba imo ndani ya mashine, kwenye folda ambayo mfumo hauipekui. Andika njia ya folda hiyo kwenye faili la .conf ndani ya /etc/ld.so.conf.d, kisha uendeshe sudo ldconfig ili mfumo uitambue.