Jicho Litulie Kabla ya Mkono

Msimu wa maembe hapa Tabora huwa nafundishwa kazi yangu upya na watoto wenye manati. Juzi nilisimama chini ya mwembe kumtazama mmoja, kama miaka kumi hivi. Anavuta mpira, anatazama embe, anashusha macho kwenye ngozi yenye kijiwe, anarudi kwenye embe, anaachia. Kijiwe kikapotelea majanini. Mdogo wake, ambaye hata mpira hawezi kuuvuta mpaka mwisho, alilikazia macho embe moja, akakaa kidogo, akaachia. Embe chini.

"Huyo anabahatisha tu, mwalimu," mkubwa akaniambia.

Habahatishi. Mimi nimesomea sayansi ya mwendo wa mwili na nafundisha kikapu, na jambo hili limepimwa. Mwaka 1996 Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha utafiti wa macho ya wachezaji wa kikapu kwenye mitupo huru. Waliokuwa hodari zaidi walituliza jicho kwenye ringi karibu sekunde nzima kabla ya kurusha; waliowafuatia, chini ya nusu sekunde. Utulivu huo una kipimo: jicho lisihame zaidi ya nyuzi 3, yaani kama upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono, kwa angalau milisekunde 100.

Kwa nini kutulia? Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia. Hutayaona yakisogea hata kidogo. Kila jicho linaporuka, ubongo huifunika picha kwa muda ule mfupi. Anayerukaruka kati ya embe na kijiwe anajinyima habari za umbali wakati mkono unazihitaji.

Na ubongo wenyewe? Wengi hudhani mlengaji hodari huutumikisha zaidi. Mwaka 1984 mtafiti Hatfield na wenzake waliwapima walenga shabaha wazoefu umeme wa ubongo, wakaona mawimbi ya alfa yakipanda upande wa kushoto, usawa wa sikio, kadiri walivyokaribia kufyatua. Alfa ikipanda, eneo hilo limepunguza kazi, na kwa watu wengi upande huo ndio wa maneno. Yaani yule msemaji wa kichwani ananyamaza. (Ndiyo maana kocha anayepiga kelele "Kiwiko! Magoti!" mtoto akiwa tayari mstarini hunikera kweli.)

Wasiwasi huvuruga haya yote. Mpiga penalti mwenye hofu humtazama kipa mno, na mpira humwendea kipa huyohuyo.

Nikamwambia yule kijana: "Usitazame embe zima, mwanangu. Chagua kikonyo. Toa pumzi ukiwa bado unakitazama, ndipo uachie."

Kijiwe cha kwanza, patupu. Cha pili kikachana jani. Cha tatu kikakata kikonyo. Cha nne sikukishuhudia. Mama mwenye mwembe alishatoka na ufagio.