Mzee Aliyekinga Macho: jinsi ya kuitazama picha ya shaba ya Rembrandt

Mzee ameinua mkono kwenye paji la uso, akikinga macho yake. Uso na mkono vimejaa mistari myembamba, lakini kifua na mabega ni mikwaruzo michache, na karatasi iliyobaki ni nyeupe. Rembrandt, mchoraji Mholanzi aliyezaliwa Leiden mwaka 1606, aliichora kazi hii Amsterdam karibu mwaka 1639, kwenye bamba la shaba ambalo huchapwa kwa wino juu ya karatasi. Huenda ukadhani aliiacha njiani. Sisi tunaiona imetosha: kivuli cha mkono ndicho kiini cha picha, na weupe unaokizunguka ndio unaokifanya kiwe kizito.

Uwazi huo hutokana na namna ilivyotengenezwa. Bamba la shaba husafishwa mafuta, likapakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na utomvu. Sindano huparuza nta peke yake, haikati shaba, ndiyo maana mkono wa mchoraji hukimbia kwa wepesi wa kalamu. Kisha asidi hula shaba pale nta ilipoondoka. Ikikaa muda mfupi, mstari huwa hafifu. Ikikaa zaidi, mfereji huingia ndani na kubeba wino mwingi. Palipotosha hufunikwa kwa vanishi isiyopitisha asidi, bamba likarudishwa kwenye asidi.

Hapa ndipo kazi huharibika. Tabaka likiwa na ufa, au shaba ikibaki na mafuta, asidi hupenya na kuacha madoadoa pasipotakiwa. Mistari ikibanana mno, kuta za shaba kati yake huliwa, mifereji huungana ikawa shimo pana lisiloshika wino, na mahali palipotakiwa kuwa peusi hutoka kijivu.

Katika kuchapa, wino husuguliwa hadi uingie kwenye mifereji, na uso wa bamba hufutwa kwa kitambaa, mara nyingine kwa kiganja. Karatasi yenye unyevu hulazwa juu, vyote vikapitishwa kati ya rola mbili nzito. Picha hutoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Kingo za bamba nazo huacha alama ya kubonyea kwenye karatasi.

Kila uchapaji husaga shaba kidogo, na hili ni muhimu kwa yeyote anayetaka kutofautisha nakala. Tazama kivuli chini ya mkono wa mzee: katika nakala za mwanzo kila mstari unasimama peke yake, lakini bamba likichoka mistari hupauka na kivuli kupoteza kina. Ukikuta mwili wote umekamilishwa na usuli, yaani nafasi iliyo nyuma yake, umejazwa, ujue hiyo si kazi ya Rembrandt pekee. Karne ya 18, takriban miaka mia baada ya kifo chake mwaka 1669, mchongaji Mjerumani Georg Friedrich Schmidt aliongeza mistari yake kwenye bamba hilohilo. Ni fundi hodari, lakini weupe ule alioufunika ulikuwa na kazi yake.