Notisi ya kuhama haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kuingia atakavyo

Siku chache baada ya mpangaji kumwarifu mwenye nyumba kwamba atahama mwisho wa mwezi, mlango huanza kubishwa. Leo ni msimamizi wa jengo akiwa na kijana anayetafuta chumba, kesho ni ajenti na familia nzima, keshokutwa ni fundi wa rangi aliyetumwa kukagua kuta. Wakati mwingine mlango haubishwi kabisa: mpangaji hurudi kutoka kazini jioni akakuta alama za viatu sakafuni na pazia limesogezwa, kisha jirani akamweleza kwamba watu watatu waliingizwa mchana kwa ufunguo wa akiba. Akilalamika, huulizwa, "Si unahama?"

Katika kazi yetu ya kuwashauri wapangaji na wenye nyumba nchini Kenya, tumeona kwamba watu wengi wa pande zote mbili wanaamini kwa dhati kuwa mwezi wa notisi ni kipindi ambacho haki za mpangaji zimelegea. Imani hiyo haina msingi wowote katika sheria. Notisi hutaja siku ambayo upangaji utakoma. Haiukomeshi upangaji siku inapoandikwa. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi aliyetoa notisi ya mwezi mmoja, kama kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinavyomtaka, ameulipia mwezi huo kodi kamili, na nyumba ni makao yake kamili mpaka siku ya mwisho.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 65, inaweka masharti ambayo huchukuliwa kuwamo ndani ya kila mkataba wa kupanga, hata kama hayakuandikwa. La kwanza ni kwamba maadamu mpangaji analipa kodi na kutimiza wajibu wake, ataishi kwa amani na utulivu bila kuingiliwa isivyofaa na mwenye nyumba au mtu yeyote anayetumwa naye. Wapangaji wengi hudhani kwamba kwa sababu hawakutia saini karatasi yoyote, na makubaliano yao yalifanywa mlangoni kwa mdomo, hawana pa kushika. Sheria inautambua upangaji wa muda mfupi uliofanywa kwa mdomo, na ulinzi huu unamfikia mpangaji wa chumba kimoja cha mabati sawasawa na mpangaji wa nyumba ya ghorofani yenye mkataba wa kurasa kumi. Zaidi ya hapo, ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya makao yake kutopekuliwa, na ibara ya 20 inasema kwamba Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayoorodhesha haki za kila mtu, inawafunga watu wote, si vyombo vya serikali peke yake.

Hata hivyo mwenye nyumba naye ana haki yake, na ingekuwa makosa kuificha. Kifungu hichohicho cha 65 kinampa uwezo wa kuingia, yeye mwenyewe au kupitia wakala wake, katika wakati wowote unaofaa, ili akague hali ya jengo au afanye matengenezo yaliyo juu yake, mradi tu asivuruge isivyofaa maisha na matumizi ya mpangaji. Maneno hayo yafaa kusomwa polepole. "Wakati unaofaa" si saa mbili usiku watoto wakiwa wamelala, wala si mchana ambao mpangaji hayupo na hajaambiwa. Na madhumuni yaliyotajwa ni ukaguzi na matengenezo. Kuwaonyesha wapangaji wapya nyumba hakukutajwa hapo. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kuleta wageni kabla hujahama anapaswa kuwa na kifungu kinachomruhusu ndani ya mkataba, au apate ridhaa yako. Ufunguo wa akiba ulio mfukoni mwa msimamizi wa jengo ni chombo cha dharura, kwa mfano bomba likipasuka na maji yakaanza kushuka kwa jirani wa chini, au moshi ukionekana dirishani. Haumpi mtu haki ambayo mkataba na sheria havikumpa.

Je, mpangaji akatae moja kwa moja? Kisheria, pasipo kifungu kwenye mkataba, anaweza kukataa nyumba kuonyeshwa. Ushauri wangu hata hivyo ni kwamba asikatae, bali aweke masharti. Nyumba inayokaa tupu mwezi mzima ni hasara ya kweli kwa mwenye nyumba, hasa yule aliyejenga vyumba vichache kwa mkopo na ambaye kodi hiyo ndiyo inayolipa karo ya watoto wake. Mpangaji naye bado ana amana yake mikononi mwa mtu huyohuyo. Maelewano ya wiki nne za mwisho mara nyingi huamua iwapo amana itarudi kwa salamu au kwa kesi.

Sheria ya Ardhi haikutaja idadi ya saa za kutoa taarifa kabla ya kuingia, na pengo hilo ndilo chanzo cha magomvi mengi. Lizibeni wenyewe kwa maandishi. Taarifa ya saa 24 ni kipimo ambacho watu wazima wawili wanaweza kukubaliana bila shida, na ujumbe wa simu unatosha. Mpangaji anaweza kuandika hivi: "Habari za asubuhi, mzee. Nimepata ujumbe wako kuhusu wageni wanaotaka kuona nyumba. Nitakuwepo Jumamosi kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, na Jumatano baada ya saa kumi na mbili jioni. Naomba waje nyakati hizo, waandamane nawe au na msimamizi wa jengo, na wasipige picha vyumbani. Asante." Ujumbe wa namna hii una adabu, haumfungii mtu mlango, na ukitokea mzozo unaonyesha wazi kwamba mpangaji alitoa nafasi. Jumbe za simu hukubalika mahakamani kama ushahidi wa kielektroniki, kwa hiyo usizifute, na ukibadilisha simu hakikisha mazungumzo yamehifadhiwa.

Suala la picha si dogo. Ajenti wengi siku hizi hupiga picha na video za nyumba ikiwa bado na watu, kisha huzitangaza mtandaoni: picha za familia ukutani, sare za shule za watoto zenye nembo, runinga na kompyuta vikionekana wazi. Picha kama hizo zinaweza kumtambulisha mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za kumtambulisha mtu zishughulikiwe kwa misingi halali, ikiwemo ridhaa yake. Pia ni mwaliko kwa wezi. Mpangaji ana kila sababu ya kusema kwamba picha zipigwe baada ya vitu kutolewa, na mwenye nyumba mwenye busara atakubali, maana nyumba tupu huonekana kubwa zaidi.

Ukaguzi wa kabla ya kuhama, tofauti na maonyesho kwa wageni, ni jambo ambalo mpangaji asilikwepe. Afadhali auombe mwenyewe. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini kinamwondolea wajibu wa kurekebisha uchakavu wa kawaida na madhara ambayo hayakutokana na uzembe wake, kama vile moto au mafuriko. Rangi iliyopauka kwa miaka mitatu ya jua ni uchakavu wa kawaida. Mlango wa kabati uliong'olewa sio. Kati ya hayo mawili yapo mambo ya kubishaniwa, kama matundu ya misumari ya pazia au doa la mafuta juu ya jiko, na hayo ndiyo hula amana za watu, kwa sababu mpangaji huambiwa habari zake akiwa ameshahamia mtaa mwingine, hana ufunguo wala picha.

Jimbo la California nchini Marekani limelitatua tatizo hili kwa utaratibu ambao unaweza kuazimwa bila kusubiri Bunge. Huko mpangaji anaweza kuomba ukaguzi wa awali katika wiki mbili za mwisho, mwenye nyumba hutoa taarifa ya maandishi ya saa 48, kisha humwachia mpangaji orodha ya kasoro anazokusudia kukatia amana, ili mpangaji apate nafasi ya kuzirekebisha mwenyewe kabla ya kuondoka. Hakuna kinachowazuia mpangaji na mwenye nyumba wa Kayole, Nairobi, au Nyali, Mombasa, kukubaliana hivyohivyo. Piteni chumba kwa chumba, fungueni mabomba, washeni taa zote, andikeni kila kasoro mbele ya wote wawili, na kila mmoja apige picha za ukuta na vifaa, akiwa na nakala iliyotiwa saini. Fundi wa kuziba matundu aliyeitwa na mpangaji mwenyewe kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko makato ambayo hayana risiti.

Ziko hali ambazo hazivumiliki hata kidogo. Msimamizi anayeingia mara kwa mara bila taarifa baada ya kuombwa asifanye hivyo, anayezima maji au umeme ili mpangaji aondoke mapema, au anayebadilisha kufuli kabla ya siku kufika, amevuka mpaka. Sheria ya Ardhi inasema kwamba mpangaji aliyeondolewa kinyume cha mkataba huachiliwa mara moja kutoka wajibu wa kulipa kodi, na anaweza kudai fidia. Mwenye nyumba anayedai malimbikizo ya kodi pia hawezi kuingia na kujichukulia runinga au kitanda. Kukamata mali kwa ajili ya kodi kunaongozwa na sheria yake, Sura ya 293 ya Sheria za Kenya, na hufanywa na dalali mwenye idhini. Kwa upande wa pili, mpangaji anayezuia ukaguzi halali kwa makusudi, au anayemfungia nje fundi aliyekuja kwa taarifa kurekebisha bomba, anavunja mkataba, na anaweza kudaiwa hasara iliyotokea kwa ajili hiyo.

Maneno yakishindikana, anza na barua fupi yenye tarehe inayoeleza kilichotokea na unachotaka kikome. Nyumba za kuishi za kodi ya chini kabisa, yaani zile ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, zina Baraza la Kudhibiti Kodi chini ya Sura ya 296, na sheria hiyo inafanya kuwa kosa la jinai kwa mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame. Wenye maduka na hoteli wana sheria na baraza lao, na taratibu zao za notisi ni tofauti na hizi. Kwa madai ya amana ambayo hayazidi shilingi 1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo inafaa: mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa.

Siku ya kukabidhi funguo, nenda na karatasi ya ukaguzi mliyoitia saini. Pitieni tena kasoro zilizoandikwa na mzipige mstari zile zilizorekebishwa, pigeni picha ya mita ya umeme na ya maji, kisha andikeni chini yake idadi ya funguo, saa, kiasi cha amana na siku itakayorudishwa. Usiuache ufunguo kwa jirani wala kwa mlinzi wa lango ukiahidiwa kwamba hesabu itafanywa baadaye.