Rickie Lambert na ufundi wa straika asiye na mbio

Mwaka 2005 Rochdale, klabu ya daraja la nne England, ilikuwa na washambuliaji wawili mbele: Grant Holt na Rickie Lambert. Holt alikuja kufunga mabao 15 ya Ligi Kuu msimu wa 2011/12 akiwa Norwich City. Msimu uliofuata Lambert naye akafunga 15 akiwa Southampton. Safu nzima ya ushambuliaji ya Ligi Kuu ilikuwa pale Rochdale, inacheza daraja la nne, na klabu kubwa hazikuiona.

Habari za Lambert husimuliwa kama hadithi ya subira: kijana aliachwa, akavumilia, Mungu akamfungulia. Subira alikuwa nayo, sikatai. Lakini ukimtazama kwa jicho la ufundi unaona kitu kingine. Lambert alikuwa na karibu kila kitu anachohitaji namba tisa isipokuwa mbio, na skauti wengi wa England wakati ule walianza na mbio. Madaraja ya chini yalimpa nafasi ya kujenga mchezo ambao hauhitaji mbio hata kidogo. Huo ndio ninaotaka kuuchambua.

Kwanza ngazi yenyewe. Chini ya Ligi Kuu kuna Championship, League One na League Two, kila moja ikiwa na timu 24, na kila timu hucheza mechi 46 za ligi kwa msimu. Chini yake kuna National League, kisha ligi za kanda ambako wachezaji wengi wana kazi nyingine mchana. Mechi 46 ukiongeza za makombe maana yake ni Jumamosi, Jumanne, Jumamosi, wiki kadhaa mfululizo. Safari ya Plymouth hadi Carlisle ni zaidi ya kilomita 600 kwa basi. Januari na Februari viwanja vinakuwa vizito, mpira haukimbii chini, na mabeki wa kati wanapiga mbele bila kujiuliza mara mbili. Straika wa madaraja hayo hupokea mipira ya juu mingi kuliko ya miguuni, na kwa kawaida anaipokea akiwa ameligeuzia goli mgongo.

Mikataba ni mifupi, mwaka mmoja au miwili, na mingi huisha Juni 30. Mwezi Mei klabu hutangaza orodha ya wanaobaki na wanaoachwa. Mchezaji aliyefikisha miaka 24 akimaliza mkataba anaondoka bure. Aliye chini ya umri huo, kama klabu yake imempa mkataba mpya usiopungua ule wa zamani naye akaukataa, klabu inayomchukua inalipa fidia. Ndani ya mkataba kuna mshahara wa msingi, posho ya kucheza, posho ya mabao, na mara nyingi kipengele kinachosema ukifikisha idadi fulani ya mechi unaongezewa mwaka. Hapo ndipo wengi wanapoumia: straika anakaribia idadi hiyo mwezi Machi, klabu haina fedha za mwaka wa pili, na ghafla anajikuta benchi huku mwili ukiwa mzima.

Kwa sababu hiyo kushuka daraja wakati mwingine ni uamuzi wa busara. Paul Mullin alifunga mabao 32 ya ligi akiwa na Cambridge United msimu wa 2020/21 na kuipandisha kutoka League Two. Badala ya kupanda nayo, akaenda Wrexham iliyokuwa National League, kwa mkataba wa miaka mitatu. Miaka mitatu, kwa straika wa madaraja haya, ni usalama ambao wengi hawaupati maisha yao yote ya soka.

Lambert alizaliwa Februari 1982 na kukulia Kirkby, Merseyside. Liverpool ilimlea tangu akiwa na miaka 10, ikamwacha akiwa na 15. Blackpool ikampa nafasi, kisha nayo ikamwacha. Akawa anafanya mazoezi na Macclesfield Town bila malipo, huku akifanya kibarua katika kiwanda cha kusindika bitiruti, akikaza vifuniko vya chupa. Macclesfield ikampa mkataba, akaonekana, na mwaka 2002 Stockport County ikamnunua kwa pauni 300,000.

Pale Stockport alifunga mabao 18 katika mechi 98 za ligi. Ukiangalia tarakimu hizo peke yake ungesema huyu si straika. Akashuka daraja moja kwenda Rochdale, na msimu wa 2005/06 akafunga 22 ya ligi. Agosti 2006 Bristol Rovers ikalipa pauni 200,000. Msimu wa 2008/09 akiwa na Rovers katika League One alifunga mabao 29, akalingana na Simon Cox wa Swindon kileleni mwa orodha ya wafungaji. Alikuwa na miaka 27.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Lambert ana urefu wa mita 1.88, lakini urefu peke yake haushikilii mpira. Straika anayesubiri pasi ndefu hasimami wima akimpa beki mgongo mzima, kwa sababu beki ataupata mpira kushoto au kulia. Anasimama kiubavu, miguu imepanuka kuzidi mabega, magoti yamekunjwa, uzito umeshuka. Mkono wa karibu na beki unakunjwa na kuwekwa usawa wa kifua chake, kiwiko kikiwa chini. Ukiunyoosha, ni faulo. Kisha kuna wakati wa kumgusa. Anayejua humsukuma beki kidogo kabla mpira haujafika, ukiwa bado hewani, halafu anapiga hatua kuufuata. Beki anajikuta amechelewa nusu hatua. Asiyejua humsukuma mpira ukiwa tayari umefika, na filimbi inalia. Mguso wa kwanza ni wa mguu ulio mbali na beki, na mpira unaelekezwa pembeni, si chini ya nyayo. Mpira ukikwama chini ya nyayo, straika mzito amekwisha, kwa kuwa hana mbio za kuufuata tena.

Lambert alilifanya hilo vizuri kuliko wengi, halafu akaongeza jambo ambalo mastraika wakubwa wa umbo hawana: pasi ya pili. Alikuwa anashuka katikati ya mabeki na viungo wa wapinzani, anapokea, anageuka, na anampasia winga anayekimbia nyuma ya beki. Beki wa kati anabaki na maswali. Akimfuata, ameacha shimo nyuma. Asipomfuata, Lambert ana nafasi ya kuinua kichwa. Kwa mshambuliaji asiye na kasi hii ndiyo njia halali ya kuwashinda wenye kasi: aliwafanya wengine wakimbie kwa ajili yake.

Kwenye krosi tazama miguu yake, usiutazame mpira. Mara nyingi alijitoa kwa mabeki wa kati na kwenda nguzo ya mbali, kwa beki wa pembeni, ambaye kwa kawaida ni mfupi zaidi na anaangalia mpira badala ya mtu. Hatua mbili au tatu za kurudi nyuma, kisha moja ya kuja mbele. Hakuna mbio hapo. Kuna kujua mpira utaangukia wapi.

Kisha mipira iliyosimama. Penalti hupigwa kutoka mita 11, na goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mpira wa kasi ya kilomita 100 kwa saa unafika mstarini kwa takriban sekunde 0.4, kwa hiyo kipa anayesubiri kuona mpira unaenda wapi amechelewa. Lazima abahatishe. Anachotakiwa mpigaji ni nguvu, upande, na kutobadilisha uamuzi. Kosa kubwa hutokea hatua ya mwisho: mguu wa kusimamia umeshatua na kuelekeza kona moja, halafu kichwa kinabadili nia, mwili unapinda, na mpira unapita katikati bila nguvu au unapaa. Lambert alipiga penalti 34 akiwa Southampton na zote 34 ziliingia. Ni rekodi ya mtu aliyeamua kabla ya kuweka mpira chini.

Faulo alizipiga kwa nguvu ileile. Februari 2008, kwenye raundi ya tano ya Kombe la FA, faulo yake iliipa Bristol Rovers ushindi wa 1-0. Walioondolewa siku hiyo walikuwa Southampton.

Agosti 2009 Southampton hao hao wakamnunua kwa zaidi ya pauni milioni moja. Walikuwa wameshuka League One, wametoka kwenye ufilisi, na walianza msimu wakiwa wamekatwa pointi 10. Kocha Alan Pardew alimpenda kwa miguu yake lakini hakuuridhia mwili wake, akamtaka apunguze uzito na ajenge stamina. Naamini hiki ndicho kipande kilichokuwa kimekosekana miaka yote. Straika wa aina hii, akichoka dakika ya 65, anaacha kushuka kupokea na anabaki amesimama kati ya mabeki wawili. Akiwa na pumzi ya dakika 90, anaendelea kuwa tatizo wakati mabeki wamechoka. Lambert alifunga 30 ya ligi msimu ule, kisha 21 timu ikipanda, kisha 27 katika Championship ambako alikuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi, na timu ikapanda tena. Misimu mitatu, mabao 78 ya ligi.

Ligi Kuu haikumbadilisha. Alifunga mechi yake ya kwanza, ugenini kwa Manchester City, akitokea benchi. Na Agosti 14, 2013, akiwa na miaka 31, aliingia Wembley dhidi ya Scotland kuchukua nafasi ya Wayne Rooney, na dakika chache baadaye kona ya Leighton Baines ikakutana na kichwa chake. Mguso wake wa kwanza akiwa na England ukawa bao la ushindi wa 3-2. Wengi waliita bahati. Kona ilikuwa kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka kumi, tena mbele ya mabeki wanaovuta jezi kuliko wa kimataifa. Mwezi uliofuata dhidi ya Moldova alifunga tena na kumtengenezea Danny Welbeck.

Linganisha na Jamie Vardy. Sheffield Wednesday ilimwacha akiwa kijana, akapitia Stocksbridge Park Steels, Halifax na Fleetwood, na Leicester City ikamnunua 2012 kwa pauni milioni moja kutoka nje ya madaraja manne ya juu. Vardy alikuwa na kasi ya kutisha, na kasi hukufanya uwe na faida hata ukiingia dakika ya 75. Ufundi wa Lambert haukuwa hivyo. Ulihitaji timu inayomtafuta, krosi zinazoletwa, na viungo wanaojua atashuka wapi. Aliporudi Liverpool mwaka 2014, klabu ya utoto wake, akawa wa akiba, anaingia robo saa za mwisho katika timu ambayo haikuzoea kumpigia mpira kifuani. Mabao mawili tu ya ligi. Mwaka mmoja baadaye akaenda West Bromwich Albion, kisha Cardiff City, na Oktoba 2017 akastaafu. Sioni kwamba alipoteza ufundi. Mashine iliyomzunguka ndiyo iliyobadilika.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuijua ngazi hii, maana watu wetu wanaipanda. Adi Yussuf, aliyezaliwa Zanzibar na kuichezea Taifa Stars, amepita Mansfield Town, Grimsby Town, Solihull Moors na Blackpool. Jonah Ayunga wa Kenya amecheza Bristol Rovers na Morecambe. Basi ukitaka kumpima straika wa madaraja hayo, usianze na jumla ya mabao. Toa penalti kwanza. Kwa Lambert wa Southampton, mabao 117 katika mechi 235 ni bao kila mechi mbili. Ukitoa penalti 34, yanabaki 83, sawa na bao moja kila mechi 2.8. Bado ni straika bora, lakini sasa unajua unanunua nini: mfungaji mzuri wa mchezo wa wazi pamoja na mpiga penalti wa uhakika, na huyo wa pili hana faida kama timu yako ina mpigaji mwingine asiyekubali kuachia mpira.

Baada ya hapo gawanya mabao kwa dakika, si kwa mechi, kwa kuwa anayetokea benchi huonewa na hesabu ya mechi. Angalia mabao yalikujaje: krosi ya kushoto, kona, pasi ya nyuma ya mabeki. Kama mabao 12 kati ya 18 yametokana na krosi za winga mmoja, uliza kama unaweza kumpata winga wa aina hiyo. Usikubali kupewa video ya mabao peke yake. Omba dakika 90 za mechi ya ugenini, usiku wa Jumanne, timu yake ikiwa nyuma, na hesabu ni mipira mingapi mirefu aliyoituliza na ikabaki kwa timu yake.